Vikombe Vilivyofungwa Mapema

Asubuhi ile ya Ijumaa mama alimimina chai yake kwenye bakuli la mboga. Baba alinywea kifuniko cha chupa ya chai, na Kibonge, kitindamimba wa nyumba, akapewa kopo la kuogea. Vikombe vilikuwa vimefungwa kwenye boksi. Chujio nalo lilikuwa limefungwa, kwa hiyo majani yalielea kwenye chai na kila mtu aliyatema kwa zamu.

Aliyevifunga ni binti yao wa miaka kumi na miwili, waliyemwita Meneja kwa kuwa hakuna jambo lililopita nyumbani bila yeye kulipanga. Mama, ambaye alikuwa muuguzi, alikuwa amepata uhamisho kwenda hospitali ya mji wa mbali. Wangehama shule zikifungwa, na shule zilikuwa bado sana kufungwa. Lakini Meneja alianza kufunga mizigo siku ile ile aliposikia habari.

"Meneja," baba aliita kutoka chumbani, "nguo zangu za kazi ziko wapi?"

"Ziko kwenye boksi, baba. Sijui lipi."

Baba alikuwa fundi bomba. Akatokea amevaa suti yake ya harusi, nguo pekee iliyobaki kabatini, na spana mkononi. Kibonge alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Mama alijikaza asicheke, akashindwa.

"Nikiulizwa," baba alisema, "nitawaambia siku hizi mabomba yana hadhi."

Meneja hakucheka. Tangu wapate habari ya uhamisho, usingizi wake ulikuwa wa mang'amung'amu. Huko shule mpya angekaa na nani? Wakimcheka je? Kila hofu ilipomjia, alifunga boksi jingine.

Wakati wa mapumziko shuleni, Mrefu alimfuata. Walikuwa marafiki tangu darasa la kwanza, na wote walichezea timu ya mpira wa pete. Meneja alitoa pasi, Mrefu akafunga.

"Kesho ni fainali," Mrefu alisema. "Uje mapema tupashe misuli."

"Sichezi. Viatu nimeshavifunga kwenye boksi."

"Si ufungue."

"Ili iweje? Mimi naondoka. Heri nianze kuzoea kukaa bila nyinyi."

"Kumbe umeshahama," Mrefu alisema. "Ungetuaga basi." Akampa kisogo, akaenda zake.

Maneno yale yalimchoma Meneja. Siku nzima hawakusemeshana, na darasani Mrefu alikaa dawati la nyuma.

Jioni familia iliketi mkekani kuomba, kama ilivyo kawaida yao. "Ee Mungu," mama aliomba, "safari yetu tunaiweka mikononi mwako. Huko tuendako wewe umeshafika. Amina."

Wote waliitikia amina. Mara Meneja akainuka, akavuta kamba na boksi tupu.

"Mwanangu," mama alisema, "hiyo safari si tumempa Mungu sasa hivi? Mbona unamnyang'anya kabla hajaishika vizuri?"

Baba alianza kucheka, kisha akaona machozi ya binti yake, akanyamaza.

"Mama, nikikosa rafiki huko?"

Mama alimvuta karibu. "Sijui kama utampata mara moja. Hata mimi sijui nitafanya kazi na watu gani, na kuna wakati naogopa. Hayo Mungu anayajua. Ninachojua mimi ni kwamba Mrefu unaye leo. Ukimkimbia kwa kuogopa kumkosa, utamkosa ungali naye."

Meneja alifuta uso. "Viatu vyangu viko kwenye boksi," alisema kwa sauti ndogo. "Sijui lipi."

"Maneno hayo niliyasikia asubuhi," baba alisema, akivua koti la suti. "Kibonge, lete mkasi."

Walifungua boksi baada ya boksi. Vikatoka vikombe, mito, nguo za kazi, na taulo ambalo mama alidhani limeibwa kambani. Kibonge alijivika chujio kichwani, akatangaza kuwa yeye ni askari. Viatu vilikutwa ndani ya sufuria kubwa, chini kabisa. Kufikia hapo sebule ilikuwa kama soko, na Meneja alikuwa anacheka hadi mbavu zinamuuma.

Kesho yake alifika uwanjani wa kwanza. Mrefu alipotokea, alimwendea mbio. "Nisamehe. Sijahama."

Mrefu alijaribu kununa, akashindwa.

Walicheza kwa roho moja. Baba alivaa suti tena, safari hii kwa hiari yake, akawa anakatika pembeni ya uwanja huku Kibonge akimpigia makofi. Dakika za mwisho, timu zikiwa sare, Meneja alirusha pasi juu ya mikono ya wapinzani. Mrefu akadaka, akalenga, mpira ukazunguka kwenye pete kisha ukatumbukia. Furaha aliyoisikia Meneja haikuacha nafasi ya kuwaza shule mpya.

Walirudi nyumbani pamoja na Mrefu, mama akamimina chai kwenye vikombe.

"Mama, hivi tuvifunge lini?" Meneja aliuliza.

"Asubuhi ya safari, tukishamaliza chai," mama alijibu. "Kumwamini Mungu si kukaa bila kujiandaa, mwanangu. Ni kujiandaa wakati ukifika, kesho ukamwachia yeye, na chai ya leo ukainywa ikiwa bado ya moto."

Meneja akachagua kikombe kizuri kuliko vyote, akampa Mrefu.