Chupa ya Mzee Mwikwabe

Hebu kaeni, ndugu zangu wa Nyamwaga. Habari hii inaniwasha mdomoni tangu juzi, ingawa nimechoka hata kusimama.

Mwaka huu wa 1957 ndio nimetoka chuoni, napima damu na mikojo kwenye hospitali ya misheni. Jumatatu asubuhi palikuwa patulivu, jua linaingia dirishani, naligeuzia kioo cha darubini. Akaja Bhoke na chupa ya mkojo. Baba mkwe wake, Mzee Mwikwabe, alikuwa amelazwa kwa homa na maumivu chini ya mbavu za kulia. Mume wa Bhoke yuko mbali kazini, basi yeye ndiye anauguza.

Nikapima. Mkojo msafi. Damu aliyotolewa na muuguzi wodini ina malaria kidogo, na huku nani hana? Daktari akaandika kwinini.

Alhamisi mzee anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Daktari akataka chembe nyeupe za damu zihesabiwe. Nikaenda kumtoa damu mwenyewe, ndipo nikaona macho yake: njano kama samli. Chembe zilikuwa elfu ishirini na mbili, na kwa mtu mzima hazizidi elfu kumi; mwili ulikuwa unapigana na usaha.

Nikamfuata Bhoke jikoni kwa wanaouguza.

"Dada, macho yale na mkojo ule si vya mtu mmoja."

Akaendelea kusonga ugali. "Ulitaka nimwambieje? Baba, kojoa humu nibebe? Hata kibuyu cha maziwa simpi mkononi, naweka chini, yeye anaokota."

"Sasa ule ulikuwa wa nani?"

"Wangu."

Nikamtuma mhudumu mwanaume. Alirudi na mkojo mweusi kama chai ya rangi, ukiutikisa povu la njano. Nikatia matone ya iodini, ikatokea pete ya kijani. Nyongo.

"Mrija wa nyongo umeziba, na ndani umeshaoza," daktari akasema. "Jumatatu ningempasua. Leo hawezi kuhimili kisu."

Akachomwa sindano. Jumamosi akafa.

"Ningesema Jumatatu, angepona?" Bhoke akaniuliza. Na mimi Jumatatu nilitazama chupa tu, sikwenda kumtazama mtu.

FUNZO

Heshima ya mkwe tuishike, ni yetu. Lakini chupa ya mgonjwa ajaze mgonjwa. Ukiona aibu, mnong'oneze mhudumu, abebe yeye. Darubini haijui mkwe ni nani, inasema ilichopewa. Majibu yangu ya mkojo wa Jumatatu hayakukosea: Bhoke ni mzima.