Sweta Kwenye Kiti

Asubuhi hiyo ya Ijumaa, huko Mwihoko, Wangechi na mamake Magdalene walikuwa wakinywa chai kabla ya kutoka.

"Leo nitapitia college kujisajili kwa mtihani," Magdalene alisema. "Wanafunga saa saba mchana, na hii simu yangu ya kabambe haiwezi kufungua fomu yao."

"Usijali, Mum. Kompyuta ni mob, ziko ishirini. Hutakosa."

Magdalene alikuwa mfumaji wa sweta. Alikuwa amefuma miaka kumi na mitano bila cheti. Sasa alisoma darasa la Jumamosi katika chuo kilekile cha bintiye, mjini Thika, na alitamani sana kufanya mtihani wa ufundi mwaka huu.

Chuoni kulikuwa na kompyuta ishirini na wanafunzi mia nne. Wajanja walikuwa na dawa yao. Unatundika sweta kitini, unafunga skrini kwa neno lako la siri, unaenda zako. Sweta inabaki ikisoma kwa niaba yako! Wangechi alikuwa bingwa wa mchezo huo.

Saa tano alianza kupakua filamu, sehemu kumi na nne. Akatundika sweta yake ya zambarau, akafunga skrini, akaenda kula chipsi na rafiki yake Tabby. Walipiga gumzo hadi wakasahau saa.

Aliporudi ilikuwa saa saba kasoro dakika ishirini. Watu walikuwa wamepanga foleni. Kando ya kiti chake alisimama mamake, ameshika mkono wa sweta.

"Mum! Bado hujajisajili?"

"Nimesimama tangu saa tano na nusu. Nilikiona kiti hiki, nikasema nimngoje mwenyewe. Halafu nikatazama ule mshono." Sauti yake ilishuka. "Wangechi, hii si kazi ya mikono yangu?"

Wangechi alitamani ardhi ipasuke immeze. Alifungua kompyuta haraka, lakini fomu ilikataa kufunguka.

"Haki, mtandao umelala," alilia.

Nzioki, fundi wa kompyuta, alikuwa ndiyo kwanza anaingia. "Haujalala. Ni kama mfereji mmoja wa maji kwa ploti nzima ya wapangaji. Mmoja akijaza tangi, jirani hapati hata maji ya chai. Nani anapakua filamu?"

Wangechi aliinua mkono, akasimamisha upakuaji. Wengine watatu wakafanya vivyo hivyo, macho chini. Fomu ikafunguka. Magdalene alitaja, Wangechi akaandika. Dakika nne kabla ya saa saba, skrini ikaonyesha: umesajiliwa.

"Ngai, Mungu wangu, asante," Magdalene alisema, akaketi kwa mara ya kwanza.

"Kompyuta ni za wote," Nzioki alisema kwa upole. "Ukitoka, hata kama ni kula tu, weka kazi yako kwenye flashi, funga akaunti, mwachie mwenzako kiti. Filamu upakulie kwenu."

Wangechi aligeukia foleni. "Nisameheni, jameni. Nimewakosea." Akamwachia kiti aliyekuwa mbele. Kisha yeye na Tabby wakabandika karatasi mlangoni ya kuandikisha zamu, saa moja kila mtu. Foleni ilianza kupungua siku hiyohiyo.

Jumatatu kulikuwa na baridi kali. Wangechi alitoka nyumbani amevaa sweta ya zambarau. Magdalene alimnyoosha kola, akatabasamu.

"Sasa hapo sawa," alisema. "Mimi niliifuma ivaliwe na mtoto wangu. Sikukifumia kiti."