Duara la Clem

Baba yangu, Clem, alikata nyasi kila Jumamosi. Aliizunguka nguzo ya kuanikia nguo iliyo katikati ya ua, duara baada ya duara, mpaka uzioni. Mashine yake ilikuwa ya petroli. Alifariki Aprili. Baada ya wiki mbili mashine nayo ikagoma.

Kila mwaka, siku inayofuata Krismasi, ukoo wetu hucheza kriketi uani kwetu, hapa mjini Moonta. Mwaka huo nyasi zilifunika vifundo vya miguu. Shangazi akapiga simu.

"Tuchezee kwangu, Noreen. Usijisumbue."

"Mtakuja hapa," Mama alisema. "Clem hakukosa hata mwaka mmoja. Ua wake hautakosa."

Akanunua mashine ndogo ya umeme. Asubuhi ya mkesha wa Krismasi aliichomeka kwenye soketi ya barazani. Akavaa ndala, akaanzia pale Baba alipoanzia, kwenye nguzo. Mzunguko wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili, waya ukajiviringisha nguzoni. Wa tatu, pa, mashine ikazima. Ilikuwa imekata waya wake yenyewe.

Mama akainama kuuokota.

"Noreen, usiguse kitu," mtu akasema toka upande wa pili wa uzio. Alikuwa jirani yetu Coralie, fundi umeme mstaafu. Lango aliliona mbali. Akapanda uzio na miaka yake sitini na minane, akaenda barazani, akazima soketi, akachomoa plagi.

"Swichi yenu ya usalama imekata umeme," alisema. "Nyumba isiyo nayo, mashine hii isichomekwe."

"Nilifanya kama Clem."

"Mashine ya Clem haikuwa na mkia, shoga. Yako inao. Tazama, umeifunga nguzoni kama mbuzi."

Mama akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Aprili.

"Nitaufunga kwa utepe," alisema.

"Utepe ni wa zawadi. Waya huu umekwisha. Ninao mwingine, mnene, wa kutumia nje. Na hizo ndala zipeleke ufukweni. Vaa buti."

Coralie akaukunjua waya wote. "Ukiuacha umejiviringa, unapata moto," alisema. Akagusa nyasi. "Umande umekauka. Vizuri. Sasa anza karibu na soketi. Nenda, rudi, huku ukisogea mbali nayo. Waya ulale nyuma yako daima, kwenye nyasi zilizokwisha kukatwa. Ukitaka kusafisha kisu, chomoa plagi kwanza. Kuzima tu hakutoshi."

"Na nguzo?"

"Usiizunguke."

Mama alikwenda, akarudi. Alipogeuka, aliutupa waya upande uliokatwa. Kufikia chakula cha mchana ua ulikuwa na mistari iliyonyooka kama daftari.

Siku ya mchezo walikuja watu kumi na tisa, na soseji zikachomwa. Pipa la takataka lilisimama nyuma ya mpigaji badala ya vijiti, kama siku zote; likigongwa, mpigaji anatoka. Mpira wa kwanza aliorusha Mama uligonga pipa, na Coralie, aliyekuwa akipiga, akatoka bila kupata hata pointi moja.

"Mwalimu wako nimetoka jasho kukufundisha, nawe unanilipa hivi?" alilalamika.

"Shika foleni ya soseji, mwalimu."

Jioni nilimkuta Mama amepiga magoti chini ya nguzo. Kulibaki nyasi ambazo mashine haikuzifikia. Alikuwa akizikata kwa mkasi wa bustani, taratibu, akizunguka.

"Mkasi hauna waya," alisema, akaendelea na duara la Baba.