Mikono Mitano Dhidi ya Tilde

Usijifanye hukuona. Ahadi imevunjwa mbele yako, nawe ukainama kufunga kamba za viatu. Inua kichwa usikie.

Kila siku saa nane mchana, masomo yakiisha, watoto wa mashambani waliingia ukumbi wa michezo wa shule yao kule Lemvig kungoja basi. Nje, upepo wa bahari ulirusha mvua kama changarawe. Ukumbi waliupata kwa mkataba. Tilde, msichana wa miaka kumi na mitatu aliyetaka kuongoza, kundi lake lilikuwa na viti vinne tu kati ya tisa katika baraza la wanafunzi. Kwetu Denmark hilo si ajabu: unaongoza na wachache wako, mradi wengi wasikupinge. Watoto wa basi, wenye viti viwili, walikubali kutompinga. Naye akatia sahihi: ukumbi ni wao mpaka uchaguzi ujao.

Novemba, Villads wa kundi la mpira, mwenye viti vitatu, alimkuta Tilde akila mkate wake mweusi.

"Tupe ukumbi saa nane. Vinne vyako, vitatu vyetu. Nani atakugusa?"

"Na mkataba?"

"Karatasi tu! Hao wanaonuka ng'ombe wamezoea mvua."

Tilde akacheka. Ndiyo, alicheka! Kura saba kwa mbili, watoto wa basi wakatupwa nje mvuani. Wajumbe wake watatu waliujua mkataba ule, wakainua mikono bila haya.

Wiki mbili baadaye Jeppe, wa miaka saba, mmoja wa waliongoja basi mvuani, alilazwa hospitalini kwa homa ya mapafu. Dada yake Thyra, mjumbe wa watoto wa basi, akasimama barazani.

"Sina imani na Tilde."

Mikono miwili ikainuka. Tilde akamtazama Villads. Villads, akitabasamu, akainua wake, na wenzake wawili wakafuata. Mitano.

"Lakini ulisema..."

"Karatasi tu, Tilde! Hata hiyo hatukuandikiana. Sasa kiti cha uongozi ni changu."

Tilde akamgeukia Thyra. "Thyra, nilikusaliti. Kiti kichukue wewe. Vinne vyetu havitakupinga. Ukumbi urudi kwenu."

"Sahihi yako naijua," Thyra alijibu. "Ukumbi upigiwe kura kwanza. Sasa hivi."

Walipiga. Sita kwa tatu.

"Viti viwili viongoze tisa? Kichekesho!" Villads alifoka.

"Wanaompinga Thyra wainue mikono," alisema Bodil, mwalimu mlezi wa baraza. Akahesabu. "Mitatu. Haitoshi. Thyra anaongoza."

Kisha akamgeukia Tilde. "Kiongozi mwenye wachache hasimami kwa nguvu, anasimama kwa neno lake. Ulilivunja kwa ajili ya Villads, na Villads ndiye aliyekuangusha. Twende ukafungue mlango."

Saa nane Tilde alifungua ukumbi kwa mkono wake. Hospitalini, Jeppe bado alikuwa kitandani.

Na wewe? Yupo uliyemwahidi, ukamwacha mvuani. Unamjua kwa jina. Funga kitabu, nenda kamfungulie. Si kesho. Inuka!