Gurudumu la Mama wa Mikate

Kila siku baada ya masomo, Chapuchapu alivua sare, akala, akaosha sahani yake, kisha akakimbilia karakana ya mjomba wake, fundi baiskeli. Jina hilo alipewa nyumbani na hakuna aliyeuliza sababu. Msichana huyo wa miaka kumi na miwili alikula haraka, aliandika haraka, na hata maji ya kuoga alijimwagia kama anayefukuza paka.

Wiki hiyo alikuwa na kazi kubwa. Mama yake alisambaza mikate madukani kwa baiskeli, makreti matatu kwenye keria kila alfajiri, na mzigo huo ulikuwa umepinda gurudumu la nyuma na kukata spoku, vile vyuma vyembamba vinavyoshika ringi.

"Dukani kuna magurudumu ya kiwandani, yanang'aa kweli," mama alisema. "Ila mwanangu anataka kunisukia lake. Haya, Ijumaa nitachagua."

"La kiwandani si baya, dada," mjomba alijibu. "Ungekuwa unabeba kapu la mboga, ningekuambia ulinunue leo leo. Lakini kwa makreti yako, tusuke lenye spoku nene."

Chapuchapu alisuka kwa siku tatu, akipachika spoku moja moja kwenye ringi, mjomba akimwelekeza. Alhamisi ikabaki hatua ambayo mjomba hakuiruka hata mteja akinung'unika mlangoni. Spoku hubanwa kwa mikono, mbili mbili, kwa nguvu zote, ili zikae mahali pake. Kisha ringi hunyooshwa na nati hukazwa upya. Mjomba alifanya hivyo mara tatu kwa kila gurudumu.

Siku hiyo mjomba alikuwa ametoka. Nje watoto wenzake Chapuchapu walicheza mpira na kumwita. Chapuchapu alibana mara moja, viganja vikamuuma. Alilizungusha gurudumu, likazunguka limenyooka kabisa.

"Mbona liko sawa!" alijiambia, akatoka mbio.

Jioni mjomba aliuliza, "Umebana mara ngapi?"

"Tatu, mjomba."

Ijumaa mama alifika na gurudumu la dukani, aliloazimwa ili alinganishe. Aliyatazama yote mawili, akatabasamu. "Nachukua la mwanangu. Kesho nashuka nalo ule mteremko wa malori."

Badala ya kuruka kwa furaha, Chapuchapu alisutwa na roho. Alimwona mama akishuka, makreti nyuma, lori ubavuni. Akisema kweli, mama angechukua la dukani na jasho lake lote lingekwenda bure. Liwalo na liwe, akaamua.

"Mama, usilichukue! Nilibana mara moja tu. Nilimdanganya mjomba."

Mjomba hakugomba. Alilaza gurudumu mezani, akazibana spoku. Zikalia tik, tik, tik. Alipolizungusha, ringi iliyonyooka jana iliyumba kama mlevi.

"Umeona, mpwa wangu? Spoku hazikuwa zimekaa. Lingeyumba hivi mama yako akiwa juu yake."

Chapuchapu alilia, wala hakujificha. Mama alivuta kreti tupu, akaketi.

"Mikono si bado unayo? Basi bana. Nangoja."

"Hulichukui la dukani?"

"Bana kwanza, maswali baadaye."

Akabana, akanyoosha, akakaza, mara mbili nzima, mjomba akikagua kila spoku. Viganja viliwaka moto, lakini safari hii hakutazama nje hata kidogo. Walipolifunga kwenye baiskeli, mjomba alipakia makreti matatu ya vyuma chakavu, akapanda mwenyewe, akashuka mteremko na kurudi. Gurudumu lilizunguka kimya, limenyooka.

"Linabeba hata tembo!" mjomba alisema huku akihema.

Mama alimfuta binti yake machozi kwa upindo wa khanga. "Sasa nakujibu. Hili la dukani huenda ni zuri, lakini aliyelikaza simjui, wala siwezi kumuuliza. Wewe nakujua. Ulifanya uvivu, ukadanganya, halafu ukasema mwenyewe kabla sijapanda. Fundi hodari ni yule anayesema kweli kuhusu kazi yake, mwanangu. Ukisema umebana mara tatu, kuna mtu anapanda na kuweka uhai wake juu ya neno hilo."