Kipande Namba Kumi na Saba

Soko la Kasongo siku ya Jumamosi halina adabu. Mwaka ule wa 1953 mpunga ulikuwa umekubali, na mtu aliweza kusukumwa na magunia matatu kabla hajaamkiwa na yeyote. Katikati ya vurugu hiyo, chini ya paa la makuti, alikuwa ameketi Amisa binti Yakubu nyuma ya cherehani yake, amejifunga kikwembe cha samawati na kilemba cheupe, akishona bila kuinua macho.

Umri wake ulikuwa miaka ishirini na minne, naye alikuwa mjane. Mumewe, Atumani, alichukuliwa na homa. Shemeji zake wakangoja eda iishe, kisha wakamrudisha kwa baba yake na cherehani hiyo na sanduku moja la nguo. Nyumba ni ya ukoo, walimwambia, wewe hukuandikwa popote. Tangu hapo moyo wake ulikufa ganzi. Alikula kwa sababu chakula kimepakuliwa, na wenzake walipolia msibani yeye aliwapikia tu.

"Dada, niuzie vile vipande vyeupe."

Mbele yake alisimama kijana mrefu mwenye kaptula ya kaki iliyopigwa pasi sawasawa, soksi mpaka magotini na penseli nyuma ya sikio. Vumbi jekundu lilikuwa limempaka hadi kope.

"Vipande gani?"

"Vya bafta. Hivi unatupa chini."

"Uko na vidonda ngapi, ndugu, mpaka unataka kapu muzima?"

"Haiko vidonda. Nafunga kwenye vigingi. Majani iko marefu kule, mutu anapita juu ya kigingi hakioni."

Akajitaja. Jina lake Grégoire, monita wa kilimo, yaani mwelekezaji wa wakulima, na kazi yake ilikuwa kupima kijiji kipya upande wa Lusangi, kwenye barabara ya Kabambare. Wakubwa wa serikali ya wazungu walitaka watu watoke ndani ya msitu wakae kando ya njia, kila mume na mkewe na kipande chao cha shamba. Amisa alizijua habari hizo. Vijiji vya namna hiyo aliviona vikipangwa kwa kamba, na baada ya mwaka vimebaki na mbuzi tu.

"Na watu wanakubali kukaa kwenye mistari yenu?"

"Walikataa. Nikawaambia, basi pangeni ninyi, mimi nitapima. Sasa iko komite. Unajua nyumba ya mwisho tuliiweka wapi? Wamama walijaza mitungi kisimani, wakaanza kutembea. Pale wa kwanza alitua mutungi, Baba Placide, muzee wa komite, akapigilia kigingi. Akasema, kijiji kinaishia hapa."

"Na kama huyo wa kwanza ni muvivu tu?"

"Alikuwa mama yangu."

Amisa akacheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakiruhusu, akainama haraka kutafuta uzi ambao haukuwa umepotea.

"Chukua vyote," alisema. "Takataka haiuzwi."

Grégoire alirudi mwisho wa mwezi kuchukua mbegu, akaleta asali. Mwezi uliofuata akaleta maneno. Kati ya safari na safari barua zilisafiri na Ramazani, dereva wa gari la chumvi, ambaye alizipeleka kwa sauti kubwa mpaka soko zima lijue.

"Roho yangu," Grégoire aliandika, "leo tumegombana nusu siku juu ya soko. Vijana wanataka liwe barabarani, wazee wanakataa vumbi. Mwisho wamama wamesema liwe karibu na zahanati, maana mutu hufika kwa yote mawili siku moja. Wewe ungesema nini?"

Amisa alijibu: "Wamama wanasema kweli. Huku mvua iko mingi."

"Barua yako ni fupi kuliko risiti," Grégoire alimlalamikia walipoonana.

"Umezoea watu wa kikao. Mimi naongea na cherehani."

Asije mtu akadhani Amisa alikuwa anawaka kwa mapenzi. Hakuwa. Ila siku gari la Ramazani lilipotarajiwa, mishono yake ilienda upande, na hilo alilijua mwenyewe. Grégoire alipokwenda kuposa, mzee Yakubu alinuna kwanza. Mkristo akitaka binti yangu, alisema, mlango wa msikiti ujulikane. Grégoire akajibu kwamba ameshauona ulipo. Wakaafikiana harusi iwe baada ya mavuno.

Kisha likaja jambo la orodha. Karani alisimama sokoni, karatasi mkononi, akasoma majina ya waliopewa mashamba ili mwenye neno aseme. Amisa alikuwa akishonea mkono kwenye shati la mteja.

"Kipande namba kumi na saba. Grégoire, monita. Mke, Louise. Watoto watatu."

Amisa alimaliza ule mkono, akaanza wa pili. Shati lilitoka zuri. Hakuhisi kitu, na kule kutohisi kulimtisha kuliko habari yenyewe.

Barua tatu zilifuata, naye akazirudisha bila kuzifungua. Ya nne Ramazani akagoma.

"Mama Amisa, mi nabeba chumvi, sibebi hasira za watu. Panda gari, ukamwambie mwenyewe."

Akapanda. Shangazi yake Faida akapanda naye, kwa heshima na kwa umbea.

Kule Lusangi waliwakuta komite kwenye banda lisilo na kuta, watu kama ishirini, na mzee Placide, katekista, mezani na orodha. Grégoire aliwaona akatoka mbio kuwalaki.

"Amisa. Umesoma barua?"

"Nimekuja kumuona muke wako."

Grégoire akatikisa kichwa. "Louise ni muke wa marehemu kaka yangu Michel. Amri ilikuja, shamba ni la mume na muke, mujane hapewi. Mutu asiye kwenye karatasi akikutwa shambani anafukuzwa, na mwenye shamba ananyang'anywa. Komite ikakaa, ikasema tumuandike Louise chini yangu. Hapa kila mutu anajua. Sijalala nyumba yake hata siku moja."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliona ni karatasi ya wazungu tu, inaingia kabatini. Hatukujua inasomwa sokoni."

Mwanamke mwembamba aliyekaa karibu na nguzo akasimama, kikwembe chake kimepauka, matope yamekauka miguuni. Alimletea Amisa maji katika kibuyu, akampa kwa mikono miwili.

"Karibu, dada. Kumbe ni wewe. Leo wananifuta."

Ndivyo ilivyokuwa. Mara mbili komite ilikuwa imemwomba Bwana wa Kilimo, mzungu aliye mkuu wa Grégoire, awape wajane mashamba, mara mbili akakataa. Mke wa pili haandikwi tena kwa mtu yeyote, sheria imeshapita. Kwa hiyo Grégoire aliomba jina la Louise litolewe, liingie la Amisa. Louise angerudi kwao. Watoto, kwa kuwa ni wa ukoo wa Michel, wangebaki.

"Iko njia ingine," Grégoire alisema, akiwatazama wote. "Tuoane, hawa ndio mashahidi, tusiandike. Bwana akija kukagua, tutasema Amisa ni mugeni."

"Nimekaa miaka mine nyumbani kwa mume bila kuandikwa," Amisa alisema. "Nilitoka na sanduku. Sirudii."

Placide akachukua kalamu, akamgeukia Louise. "Mama, una neno?"

Louise alifikiri. "Neno moja. Mniache kwanza nivune karanga. Nimepanda mwenyewe."

Hapo Amisa aliumia. Maumivu yalimshika kifuani yote kwa mara moja, mpaka akatafuta ukingo wa meza. Alimtaka Grégoire. Alitaka nyumba katika mstari ule, kisima cha akina mama wale, ugomvi wao wa nusu siku. Na mwanamke huyu alikuwa anaomba karanga tu.

"Baba Placide," alisema, "acha hilo jina."

"Mwanangu, ukishasema hivyo, huna pa kuingia."

"Najua. Liache."

Mzee akaiweka kalamu chini. Louise alijifunika uso kwa kikwembe, na wanawake wawili wakamkalisha.

Grégoire alimsindikiza Amisa mpaka garini. Shangazi Faida alikuwa ameshakaa na kumwekea nafasi.

"Tutaandika tena kwa Bwana," alisema Grégoire. "Komite nzima itatia sahihi. Labda mwakani."

"Andikeni. Iko wajane wengi."

"Na mimi nikungoje?"

"Sitaki mutu aningoje. Oa ukipata."

Ramazani alipiga honi mara moja, kwa upole. Grégoire akashika mlango.

"Niambie kitu kimoja tu, Amisa. Wewe unanipenda?"

"Ndiyo," alisema. Hakuwahi kumwambia kabla ya hapo. Akauvuta mlango, na gari likaondoka.