Mwandiko wa Bi Taipu

Kabati la kioo lilikuwa wazi, kufuli linaning'inia, na mswada haukuwamo.

Inspekta aliinama akalichunguza tundu la kufuli. Halikuwa na hata mkwaruzo. Aliyefungua alikuwa na ufunguo.

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Saa kumi jioni maktaba ingefungua maonyesho ya hadithi za upelelezi za dunia nzima. Walikuwapo ukutani, kwa picha, wapelelezi wote: hakimu wa mashariki ya mbali wa miaka mia tatu iliyopita, askari kanzu wa mji wa theluji, mwalimu wa kike wa visiwani aliyefichua wauaji kwa kusahihisha barua zao. Inspekta aliwafahamu kama mtu anavyowafahamu wajomba zake. Aliwasoma utotoni, kwa Kiswahili, katika vitabu kumi na kimoja vyenye jina la mfasiri mmoja: Profesa. Ndivyo vilivyompeleka chuo cha polisi, ingawa kwenye fomu alijaza sababu nyingine.

Kilichoibwa ni mswada wa mojawapo ya tafsiri hizo, ulioandikwa kwa mkono.

"Ufunguo unakaa wapi?" alimuuliza mkurugenzi wa maktaba, mwana wa marehemu Profesa.

"Ofisini kwangu, kwenye msumari."

"Nani anaugusa?"

"Mimi, mlinzi na Bi Taipu."

Bi Taipu alikuwa mpigachapa wa Profesa kwa miaka thelathini. Sasa ni mstaafu mwenye miwani minene, aliyekuja kusaidia kupanga vitu vya bosi wake wa zamani.

Mlinzi aliitwa.

"Tangu jana mchana, nani ametoka na mzigo?"

"Hakuna, afande. Mikoba yote nimeipekua. Hata wa mkurugenzi. Ameninunia mpaka leo."

"Basi mswada umo humu humu ndani."

Sajenti wa alama za vidole alitikisa kichwa. "Kioo kimepanguswa, afande. Kinang'aa kuliko vyombo vya kwangu."

Inspekta aliwataka wote watatu waandike maelezo kwa mkono. Wakati wakiandika, alichukua kijitabu cha maonyesho. Kilikuwa na picha ya ukurasa mmoja wa mswada. Mkia wa kila "g" ulikunjwa nyuma kama ndoana.

Maelezo yalipokuja, ndoana zile zilikuwa kwenye karatasi ya Bi Taipu.

"Hilo si siri," mkurugenzi alisema. "Baba alikuwa anatamka, yeye anaandika."

Inspekta alitoa lenzi, akairudia picha. Neno "karani" lilikatwa. "Mtumishi" likakatwa. Juu yake likaandikwa "tarishi". Alimkumbuka tarishi yule wa hakimu, mbio mbio na viatu vyake vilivyopwaya. Pembeni, kwa herufi ndogo kama sisimizi, mwandiko ule ule ulisema: *Profesa atataka "karani". Nisimwonyeshe mpaka kitabu kitoke.*

Aliitazama taipureta ya Profesa iliyowekwa mezani, na sanduku lake chini ya meza. Kisha akamnong'oneza sajenti neno, na sajenti akaenda.

Bi Taipu alihojiwa katika chumba cha magazeti. Mkurugenzi aliomba kuwapo, akaruhusiwa.

"Mswada uko wapi, mama?"

"Nitajuaje, mwanangu?"

"Taipureta ya Profesa, nani aliipanga?"

"Mimi."

"Umeiweka mezani. Sanduku lake je?"

"Lipo chini ya meza."

"Kwa nini limefungwa kwa ufunguo, kama halina kitu?"

Bi Taipu alivua miwani, akaanza kuifuta kwa ncha ya mtandio. Mlango ulifunguliwa. Sajenti aliingia na bunda la karatasi limefungwa kwa utepe.

"Nimeuchukua mimi," Bi Taipu alisema. "Msimsumbue mlinzi, ana watoto."

"Kwa nini, Bi Taipu?" mkurugenzi aliuliza. "Leo tunamheshimu Baba!"

"Ndiyo maana. Umemwalika mtaalamu wa miswada, eti ausome ukurasa kwa ukurasa. Angeona."

"Angeona nini?"

Kikongwe alimtazama Inspekta, kama anayeomba asaidiwe. Hakusaidiwa.

"Baba yako alijua sarufi ya lugha sita," alisema taratibu. "Nilimpigia chapa masomo yake miaka kumi na mmoja, lugha zikaniingia bila kubisha hodi. Lakini wahusika katika tafsiri zake! Hata kuomba maji hawakuweza wakaeleweka. Siku moja nikamrekebishia ukurasa. Akacheka mpaka akatoa machozi, akanipa kitabu kizima nikifasiri. Mchapishaji akakataa jina la mpigachapa. Profesa akataka kugomba, mimi nikamzuia. Nilitaka hadithi zitoke. Nikamwapia sitasema."

"Alikunyonya," mkurugenzi alisema kwa shida.

"Koma! Aliniheshimu. Leo mngemwita mwizi, naye hayupo wa kujitetea. Bora niitwe mimi."

Mkurugenzi aliufungua utepe mwenyewe. Alisoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tano. Kila penye neno lililokatwa aliweka kidole. Hatimaye aliinua uso.

"Afande, nafuta malalamiko. Na mtaalamu aje kama tulivyopanga."

"Mwanangu, nimeapa," Bi Taipu alilalamika.

"Wewe umeapa. Mimi sikuapa. Nitasimama saa kumi niseme mwenyewe, na nitasema alitaka kugomba."

Alitoka na mswada ameukumbatia. Sajenti alimfuata.

Inspekta alibaki. Kazi ilikuwa imekwisha, lakini hakuinuka. Alijikuta anakaa wima kama mwanafunzi mbele ya mwalimu anayemstahi.

"Mama, nina swali ambalo si la kipolisi. Yule mwizi wa farasi, katika kitabu cha nne. Anakiri kila kitu bila woga. Kisha mpelelezi anampa kiti, naye analia. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Tangu nianze kazi, kila anayekiri mbele yangu nampa kiti kwanza. Nimekuwa nikijiuliza, mwandishi wa nchi ile ya mbali alijuaje?"

Bi Taipu alivaa miwani yake. Alitazama chini, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akaonekana mwenye hatia.

"Kwenye asili halii," alisema. "Hapewi hata kiti. Anafungwa pingu, hadithi inaisha."

"Kwa hiyo?"

"Nilimwonea huruma, mwanangu. Nikaongeza."